Shajara ya mradi: kuchagua stata ya umeme kwa injini ya .46

7 Juni

Ndege yetu ya modeli ya mafunzo imefika hatua ya kuwashwa. Bawa liko juu, fremu ni ya mbao za balsa, na puani imefungwa injini ya stroki mbili ya .46, yaani inchi za ujazo 0.46, ambazo ni kama sentimita za ujazo 7.5. Vijana wa klabu ya ufundi shuleni kwetu hapa Arusha wameijenga wenyewe tangu ubavu wa kwanza wa bawa, na sasa kila ninapokatiza karakana nasikia swali lile lile: "Shikamoo Mwalimu, tunawasha lini?"

Tutawasha tukishapata stata tunayoiamini, yaani mota ya kushika mkononi inayoizungusha injini mpaka iwake. Wapo watu wengi wanaowasha injini za namna hii kwa kupiga propela kwa kidole, na wapo waliozoea hivyo miaka mingi. Mimi sitaki kidole cha mtoto wa mtu kikaribie propela ile. Leo tumepiga hesabu ubaoni. Propela ya inchi 11 ina kipenyo cha sentimita 28, kwa hiyo ncha yake inazunguka duara la sentimita 88. Injini ikiwa kwenye mizunguko 12,000 kwa dakika, hiyo ni mizunguko 200 kwa sekunde, na ncha inakwenda mita 175 kwa sekunde. Ni zaidi ya kilomita 600 kwa saa. Hata ikiwa imetulia kabisa, kwenye mizunguko 2,500, ncha inapita kilomita 130 kwa saa. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena kwa nini tusitumie kidole.

Fimbo ya kupigia propela tunayo, kipande cha mbao kilichovalishwa mpira. Inafanya kazi, na itabaki kwenye sanduku. Lakini kwa injini yetu, na kwa mafuta tunayoyapata hapa, fimbo peke yake itatuchosha. Naeleza kesho kutwa.

9 Juni

Injini hizi hazina koili wala cheche. Zina glo plagi: kijiwaya chembamba cha platinamu kilichosokotwa, kinachopewa volti 1.5 mpaka kiwe chekundu. Injini ikishawaka, betri inaondolewa, na kijiwaya kinabaki na joto kwa sababu mvuke wa methanoli unapogusa platinamu unaungua hapo hapo juu yake. Mmarekani Ray Arden ndiye aliyeiingiza sokoni mwaka 1947, na mpaka leo utaratibu ni ule ule.

Shida yetu iko kwenye mafuta. Mafuta ya dukani huwa na nitromethani kidogo, ambayo husaidia injini kuwaka ikiwa baridi na kutulia vizuri kwenye silensa. Huku kwetu kuipata ni kazi kubwa, kwa hiyo tunatumia asilimia 80 methanoli na asilimia 20 mafuta ya nyonyo yaliyosafishwa, mchanganyiko ambao hata mashindano ya kimataifa ya ndege za modeli za mbio zinazorushwa kwa kamba yamekuwa yakiutumia. Ni mafuta mazuri, yanalinda injini, ila yanataka uvumilivu asubuhi. Na Juni ya Arusha kila mtu anaijua: saa moja asubuhi mafuta ya nyonyo yanakuwa mazito, na injini iliyolala wiki mbili bila kusafishwa inakuta pistoni imegandiana na silinda kwa utando wa njano kama gundi.

Kuna na mwinuko. Tuko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa hapa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya Tanga au Dar. Kabureta ikiachwa kama ilivyotoka kiwandani, mafuta yanazidi hewa. Injini inalowa haraka, na injini iliyolowa ndiyo stata ya umeme inayoweza kuivunja.

Hapa ndipo penye kiini cha mradi mzima, kwa hiyo nimelieleza polepole. Tukikadiria uwiano wa mgandamizo wa 10 kwa 1, nafasi inayobaki juu ya pistoni ikifika kileleni ni sentimita ya ujazo 0.83. Haifiki hata ujazo wa kijiko cha chai, ni sehemu moja ya sita yake hivi. Mafuta yakiingia mle yakaijaza, pistoni haina pa kwenda, kwa sababu kimiminika hakigandamiziki. Kwa mkono utahisi propela imegoma, utaacha. Stata haihisi kitu. Inasukuma, na kwa kuwa krenki ikikaribia kileleni inafanya kazi ya wenzo, nguvu ndogo kwenye propela inakuwa nguvu kubwa mno kwenye konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki. Konrodi inapinda. Wakati mwingine haipindi sana, injini inawaka na kuruka, kisha inakatikia hewani siku nyingine.

12 Juni

Nimekusanya stata za kufikiria. Ninaandika nilivyoziona, si kwa mpangilio wa ubora.

Ya kwanza ni stata ya kawaida ya ndege za modeli: mota ya volti 12 yenye kabon brashi, mbele kikombe cha alumini chenye raba ya silikoni ndani, kinachosukumwa juu ya koni ya propela, ubavuni swichi ya kubonyeza. Imeandikwa inafaa injini mpaka .90. Ya pili ni kubwa zaidi, inakubali mpaka volti 24, imetengenezwa kwa ajili ya injini za petroli na za stroki nne zenye kiburi. Muuzaji alinisihi nichukue hiyo, kwamba kikubwa kinawasha kidogo. Ya tatu ni wazo la vijana: drili ya betri yenye soketi ya spana inayokamata nati ya propela. Ya nne ni mota ya waipa ya gari iliyokuwa karakana, na hiyo niliitoa siku ile ile kwa sababu ina gia ndani na inazunguka taratibu mno kuwasha chochote.

Nilizipeleka zote kwa mzee anayekereza vyuma mtaa wa pili, kwa kuwa nilihitaji ushauri wa mtu aliyeshika mashine maisha yake yote. Alizigeuzageuza, akabonyeza raba ya kikombe kwa dole gumba, akauliza: "Mwalimu, injini ikijam, hapa kinachotoa nafasi ni kipi?"

Swali hilo ndilo limetuongoza tangu siku hiyo. Matangazo yote yanakueleza stata ina nguvu kiasi gani. Hakuna linalokueleza nini kinateleza injini ikikataa.

Kwa drili, jibu lilipatikana mezani. Soketi ya chuma imekamata nati ya chuma. Injini ikigoma, kinachotoa nafasi ni kiganja cha aliyeshika drili. Na injini ikiwaka, inaruka kutoka mizunguko 1,500 ya drili mpaka maelfu mengi ndani ya nusu sekunde huku soketi bado iko kwenye nati. Wanaotumia kifaa cha namna hiyo kwa helikopta za modeli huweka beringi ya njia moja, inayoshika upande mmoja na kuachia upande wa pili, ili injini iiache mota nyuma. Drili yetu haina. Vijana walikubali, ingawa mmoja alinung'unika kwamba betri yake ingetuokolea pesa.

Stata ya volti 24 ilihitaji ubao. Ukiipa mota ya namna hii volti mara mbili, kasi yake bila mzigo inakaribia mara mbili, na nguvu ya kusokota ikiwa imezuiwa inakaribia mara mbili pia. Lakini nguvu iliyohifadhiwa kwenye rota inayozunguka inapanda kwa mraba wa kasi, yaani mara nne. Hiyo ndiyo nguvu inayomaliziwa kwenye konrodi injini ikigoma ghafla. Kwa injini ya 7.5 sisi hatuihitaji. Imerudi kwa mwenyewe.

18 Juni

Mzee amenikerezea ekseli ya mtihani: kipande cha chuma kilichofungwa koni ya propela ya alumini mbele, na nyuma mkono wa sentimita 20 unaovuta mizani ya kupimia mizigo. Ekseli haiwezi kuzunguka. Kwa hiyo ni sawa na injini iliyojam, ila haina cha kuvunjika.

Tumeibana kwenye jiliwa, tumevaa miwani, na tumebonyeza. Nikisukuma kikombe kwa nguvu ya kawaida, mizani inapanda mpaka kama kilo 0.6, kisha raba inateleza juu ya koni kwa mlio mkali na harufu ya mpira. Kilo 0.6 kwenye mkono wa sentimita 20 ni kama nyutoni-mita 1.2. Nikiegemea kwa mwili mzima, raba haitelezi tena, mota inasimama, na klampu mita ya mkondo wa moja kwa moja inapita ampea 60. Bila mzigo ilikuwa 6 tu.

Kwa hiyo kuteleza kunategemea raba na kunategemea mkono wa anayeshika. Raba kavu na safi inashika. Yenye mafuta ya nyonyo inateleza mapema mno hata injini haizunguki. Ikichakaa ikawa na mfereji, inakamata ovyo. Tumekubaliana: raba inafutwa kwa kitambaa kila kabla ya kuwasha, na anayeshika stata anasukuma kwa mikono, haegemei. Kila kijana amejaribu kwenye ekseli mpaka mkono wake umejua tofauti. Hiki ni kifaa ambacho ningependa kila karakana ya ndege za modeli iwe nacho, na kimetugharimu kipande cha chuma chakavu na chai ya mzee.

Jambo jingine lililoonekana hapo. Ukianza kubonyeza kabla kikombe hakijagusa koni, rota inafika kasi yake kamili, kisha unaigongesha kwenye injini. Mizani iliruka juu kabla raba haijateleza. Basi utaratibu ni huu bila mjadala: kikombe kwanza, kinyooke na ekseli, kikae vizuri, ndipo kidole kwenye swichi.

21 Juni

Umeme. Nimetumia betri ya UPS, ya risasi, volti 12 na ampea-saa 7. Iko kila duka la kompyuta, haimwagiki, inavumilia makosa ya mwanafunzi. Vijana walitaka betri ya lipo, yaani ya lithiamu polima, ya seli 3 ifungwe moja kwa moja mgongoni mwa stata, bila waya mrefu. Navutiwa na wepesi wake, na kwa rubani mwenye uzoefu ni mpango mzuri. Ila stata haina kitu cha kuikata betri ikishuka chini ya volti 3 kwa seli, na lipo iliyochoka hivyo kisha ikachajiwa ni hatari ya moto ndani ya bweni. Kwa klabu ya shule, risasi. Lipo ya seli 4 sikuijadili kabisa, kwa kuwa ikijaa ina volti 16.8 na inaturudisha kwenye hesabu ya ile stata kubwa.

Waya uliokuja na stata ulikuwa mwembamba, milimita za mraba 1.5, urefu wa mita 2. Kwenda na kurudi ni mita 4, na shaba ya unene huo ina ukinzani wa kama miliomu 12 kwa mita. Ampea 40 zikipita, karibu volti 2 zinapotelea njiani kama joto. Nimeweka wa milimita 4, na upotevu umeshuka mpaka volti 0.7. Stata iliyoonekana dhaifu imechangamka, bila kubadilisha mota wala betri. Mtu anayetaka kununua stata kubwa kwa sababu ya kwake inazunguka kwa uvivu, aanze na waya na viungio vyake.

Fyuzi ya ampea 30, ya mabapa kama ya gari, iko sentimita chache kutoka nguzo chanya ya betri. Inavumilia msukumo wa sekunde moja mbili, lakini waya ukichubuka ukagusana itakatika. Viungio ni vya XT60, ambavyo haviingii kinyume. Hilo nimelisisitiza kwa sababu mota ya brashi ukiigeuzia chanya na hasi inazunguka upande wa pili. Ukisimama mbele ya ndege ukaitazama pua, injini yetu inazunguka kinyume cha saa. Ikizungushwa upande usio wake inaweza kupiga teke, au ikawaka kinyumenyume na kuifungua nati yake yenyewe.

Na nati hata upande sahihi inataka jicho. Stata inasukuma koni upande ule ule unaofungulia nati. Injini ikishawaka, upinzani wa hewa kwenye propela unaikaza, lakini ule mwanzo unailegeza. Kwa hiyo spana inapita kabla ya kuwasha, na tena baada ya injini kuzimwa.

Swichi ndiyo iliyonipa mashaka. Ilikuwa ya kubonyeza, inarudi yenyewe kwa springi, sawa. Lakini nilipoifungua nikakuta visahani vya mguso ni vidogo kwa mkondo wa namna ile; vikiyeyuka vikashikana, stata haizimiki. Nimeweka relei ya gari ya ampea 40, yaani swichi kubwa inayofungwa kwa umeme, na swichi ya kidole sasa inaiamrisha relei tu. Relei nayo inaweza kushikana, kwa hiyo kiungio cha betri kimewekwa mahali ambapo msaidizi anakifikia kwa mkono mmoja bila kukaribia propela.

25 Juni

Leo ni joto na moto. Charles Kettering alipoitengenezea Cadillac ya mwaka 1912 stata ya umeme, wengi waliamini mota ya kuzungusha injini ya gari lazima iwe kubwa kama injini yenyewe. Yeye aliona kwamba mota ndogo inaweza kubebeshwa mzigo mkubwa kupita kiasi, mradi ni kwa muda mfupi. Stata yetu inaishi kwa kanuni hiyo hiyo. Sekunde tano, kisha ipumzike ipoe. Ukishika ganda lake likawa haligusiki, waya za ndani zimeshateseka.

Brashi zinatoa cheche, na methanoli inatoa mvuke unaoshika moto hata kwenye nyuzi joto 11, yaani karibu asubuhi yoyote ya Arusha. Mwali wake juani hauonekani. Masanduku mengi ya uwanjani yanauzwa yakiwa na chupa ya mafuta, pampu na betri pamoja, na mimi sikubaliani nayo. Tumetenganisha: sanduku la betri na stata upande huu, mafuta upande ule na kifuniko kimefungwa kabla ya stata kuguswa, na ndoo ya maji katikati, maana methanoli inachanganyika na maji na maji mengi yanaizima. Chupa ya mafuta imeandikwa SUMU pande zote, na kamwe haiwi chupa ya soda wala ya maji ya kunywa. Glavu wakati wa kumimina, kwa kuwa inapenya ngozi.

2 Julai

Kabla ya kuwasha kweli, nimewaonyesha injini iliyolowa. Glo plagi haina umeme. Nimeziba kabureta kwa kidole, nimezungusha propela kwa mkono mpaka mafuta yakaingia kupita kiasi. Mzunguko uliofuata, propela ikasimama ghafla karibu na kilele, kama imegonga ukuta. Kila mmoja aliigusa kwa mkono aione ilivyo. Kisha nikafungua plagi, nikageuza ndege pua chini, nikaweka kikombe na kubonyeza kidogo. Kijito cha mafuta kilirukia mbali kutoka kwenye tundu la plagi, rangi ya chai nyepesi. Yote hayo yangekuwa juu ya pistoni wakati stata inasukuma.

Kuanzia hapo sheria ya kwanza ya klabu ni kuzungusha propela kwa mkono mizunguko miwili kamili, betri ya plagi ikiwa imetolewa, kabla stata haijakaribia. Ikizunguka laini, endelea. Ikigoma, plagi itoke. Ikiwa nzito kwa utando wa nyonyo, ipashwe joto kwa kikaushia nywele na kutiwa tone la mafuta mapya. Stata haitumiki kung'oa injini iliyoganda.

5 Julai

Imewaka. Mkia umefungwa kwenye kigingi na kijana mmoja ameshika bawa kutoka nyuma. Watazamaji wote wako nyuma ya ndege, hakuna aliyesimama ubavuni usawa wa propela, kwa kuwa huko ndiko kipande kinakorukia ikikatika. Mikono mifupi, kitambulisho cha shingoni kimevuliwa, waya wa stata umepitishwa nyuma ya kiwiko. Mkono ukapima: laini. Betri ya plagi ikaunganishwa, kikombe kikakaa, kidole kikabonyeza. Injini ikashika karibu papo hapo, kijana aliyeshika stata akairudisha nyuma kwa mstari ulionyooka, akaachia swichi, akazunguka kwa mbali mpaka nyuma ya bawa na kutoa betri ya plagi kutokea huko. Hakuna mkono uliopita juu ya propela. Sindano ya kabureta ilirekebishwa pia kutokea nyuma, na ilihitaji kufungwa zaidi ya maelekezo ya kiwandani, kama mwinuko ulivyotuambia.

Nati ilipokaguliwa baada ya kuzima, ilikubali kukazwa robo ya mzunguko zaidi.

Kilichobaki: raba ya akiba, maana hii ya sasa imeanza kung'aa upande mmoja, na pini inayoshikilia kikombe kwenye ekseli ya stata badala ya skrubu moja iliyokuja nayo. Mzee amesema nimpelekee Jumatatu. Pia klabu imepewa injini ndogo ya zamani ya dizeli, ile inayowaka kwa mgandamizo tu na ina skrubu ya kuubana juu ya silinda. Vijana wameshaniuliza kama stata itaiwasha. Mgandamizo wake uko mkononi mwa anayerekebisha skrubu, na ukibanwa kupita kiasi ni sawa na injini iliyolowa. Hiyo tutaiwasha kwa fimbo.